Mpini Mrefu wa Bi. Insaf

Shubra, Kairo

Kwa dada yangu Fawziya,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Goti lako linaendeleaje na zile ngazi? Wasalimie wote hapo Asyuti, pamoja na yule bata wako mkali, kama bado hajaingia chunguni. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Unataka niuze nyumba nihamie kwako, maana tangu mke wangu Esmat afariki nakaa peke yangu kama kinu kisicho na mchi. Nitakujibu, ila nivumilie kwanza, kwa sababu jibu lenyewe limepitia kwenye ufagio wa jirani.

Ile mashine yangu ya kukereza bado ipo roshani. Ulicheka ukasema mwalimu wa jiografia kageuka seremala uzeeni. Si useremala, dada. Hapa mti ndio unaozunguka, na wewe unausogelea na patasi taratibu. Kwanza unalaza mgongo wa patasi juu ya mti, kisha unainua mpini kidogo kidogo mpaka makali yaanze kula. Ukiwa na pupa, patasi inanaswa na kipande kinakurukia usoni. Mimi nilianza na pupa, na miwani yangu ina ushahidi. Sasa natoa vinara na bakuli za kupendeza, lakini sina wa kumpa. Kabati la Esmat limejaa bakuli ambazo hazijawahi kutiwa hata tende moja.

Bi. Insaf, yule mjane anayekaa chini yangu, unamkumbuka. Kila nikiwasha mashine alikuwa akigonga dari kwa mpini wa ufagio, mpini wa bati, mtupu ndani, unaolia kama kopo. Kisha hutoa kichwa nje na kuniuliza, mtaa mzima ukisikia, eti Ustadhi Fathi, leo unasaga mifupa ya nani? Nami humjibu kwamba nasaga ya jirani mwenye domo. Huapa kwamba angenipeleka polisi, kama polisi wangekuwa na nafasi ya kushughulika na vizee. Kesho yake tukikutana ngazini ananisalimia vizuri, halafu analalamika kwamba maranda yangu yameangukia nguo zake kambani.

Baada ya Idi alianguka jikoni akavunjika nyonga. Mwanawe Magdi akaja na gari la wagonjwa. Mimi nilikuwa nakereza, mashine inanguruma, sina habari. Gudulia langu la maji nilikuwa nimeliweka ukingoni mwa roshani lipate upepo, kama tunavyofanya siku zote. Mtetemo wa mashine ukalisogeza na kulisogeza, likaanguka na kupasuka barabarani, wakati uleule Bi. Insaf alipokuwa akitolewa mlangoni juu ya machela. Nilipochungulia, mtaa wote umeinua vichwa. Gudulia likivunjwa nyuma ya mtu anayeondoka, wewe mwenyewe unajua anaambiwa nini: nenda na usirudi.

Magdi alinipigia kelele kwamba mimi mzee sina haya, hata mgonjwa namvunjia gudulia. Bi. Insaf alinitazama tu, yeye asiyekosa la kusema. Niliposhuka na ndara zangu, gari limeshaondoka, na Abduh mlinda mlango anazoa vigae. Akaniambia kwamba ningengoja basi walau afike kona. Nikamwapia kuwa ni mashine, naye akaitikia ndiyo Ustadhi, mashine, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. Magdi nilimpigia simu. Akisikia ni mimi, anakata.

Nikaona maneno yamekataa, nikachukua mti wa zani, ule wanaotengenezea viti, nikakereza mpini wa ufagio. Mashine yangu ni fupi, kwa hiyo niliufanya vipande viwili, kimoja nikakitoa ulimi na kingine nikakitoboa tundu, vishikane. Mti mwembamba ukiwa mrefu hucheza katikati. Inabidi uuzungushie vidole vya mkono wa kushoto kwa nyuma, bila kuubana, maana ukiubana unakuunguza. Nikaupiga msasa, nikaupaka nta ya nyuki. Nikampa Abduh aupeleke Helwan kwa Magdi, ambako mama yake alikuwa akiuguzwa, amwambie Bi. Insaf kwamba aliyevunja gudulia amemletea cha kumgombezea. Magdi aliupokea mlangoni, akafunga mlango. Jibu halikuja.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Siku nyingi nilikuwa nawasha mashine bila kuifungia mti wowote, inazunguka bure, ili nisikie ule ufagio tu. Tangu Esmat aondoke hakuna mwingine aliyekuwa akinigongea. Watoto hupiga simu Ijumaa kutoka Kanada, nao huuliza kama nimekunywa dawa. Bi. Insaf alipopelekwa Helwan nikawa nawasha, nazima, nasikiliza, na nyumba iko kimya hata nasikia friji. Nililia, dada, sikufichi.

Juzi nikasikia milango ya chini inafunguliwa, na mkongojo wake ukigonga sakafu. Amerudi. Sikuthubutu kushuka. Ningemtazama kwa macho gani? Leo asubuhi nikawasha mashine, haina mti. Nikaizima. Kimya. Nikaanza kukunja kamba ya umeme niiweke ndani moja kwa moja.

Ndipo dari lake likagongwa, mara moja, kwa unyonge, kisha tena. Halikulia kama kopo. Ilikuwa sauti ya mti mzima uliojaa, na mimi mti wangu naujua. Sikukuambia: niliufanya mrefu kuliko mpini wowote wa ufagio, ili mtu aliyekaa kitini aweze kufikia dari.

Kwa hiyo siji, dada yangu, wala nyumba siuzi. Usinikasirikie. Mbusu bata kwa niaba yangu, na goti ulipake mafuta ya moto. Gudulia jipya nimenunua. Nimeliweka sakafuni.

Ni mimi mdogo wako,
Fathi