Waltz Niliyokunyima

Mama Neema mpenzi,

Pole na goti. Huku Bigwa ukungu wa Uluguru umeshuka mpaka kwenye maturubai ya harusi.

Jana mshereheshaji alipotuita wazee tufungue muziki kwa waltz, nilijiinamia kwenye pilau yangu. Si unanijua: miaka yote nimekukatalia, eti hiyo ni dansi ya mabwana wakubwa. Mhadhiri mmoja mezani akacheka. Akasema neno lenyewe ni la Kijerumani, maana yake kuzunguka, kubingirika, na walioanza kuicheza ni wakulima wa milimani. Wakubwa waliiona uhuni!

Bibi yake bwana harusi, aliyeshuka mlimani na ndizi zake, akasikia. "Kumbe yetu! Inuka, baba." Nikamwamkia shikamoo huku ananivuta. Tulizunguka mpaka kofia yangu ikaanguka, na raha niliyoipata ikaniuma, kwa sababu sikuzunguka na wewe.

Kadi hii nitampa kondakta wa basi pale stendi ya Msamvu, initangulie. Mwambie Neema aitoe nje meza ya sebuleni. Goti likikataa, nitakubeba.

Wako,
Baba Neema