Mposaji Bila Mshenga

Jumatatu, 10 Mei 1999

Mazoezi ya mchezo tena baada ya masomo. Mvua kwenye bati. Mimi nimepoteza sauti, mwanafunzi wangu Donata hajapoteza. Nimempa nafasi ya baba mkali anayekataa kumwoza bintiye, na wavulana wamenuna. Wanune tu.

Mchezo ni wa Mwingereza wa karne nyingi zilizopita. Jina lake liko ubaoni, na kila mtoto analitamka kivyake. Nimeutoa kwenye Kiingereza chake kizito na kuutia katika Kiswahili. Mkuu wa shule angependa Kiingereza, maana Ijumaa tunaye mgeni, mkaguzi wa elimu. Nimemwambia ukichezwa kwa Kiingereza watoto watalala. Hawajawahi kuona mchezo wa jukwaani. Nataka waone.

Jumanne, 11 Mei

Innocent, anayecheza mposaji, ameuliza mshenga wake ni nani. Nimemwambia hana. Kitabuni kijana anakwenda mwenyewe kwa baba wa msichana na kuomba kwa kinywa chake. Darasa zima likacheka. Kijana gani huyo, hana hata mjomba? Nikakasirika. Kitabu ni kitabu.

Jumatano, 12 Mei

Donata amechelewa, macho mekundu. Baba yake mdogo, anayemlea kijijini Cyanzarwe, amepata wageni kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka. Wanataka kumposa. Jumamosi wanarudi kuchukua jibu. Ana miaka kumi na sita na bado yuko darasa la sita, kwa sababu ya ile miaka iliyopotelea vitani. Wengine hawataona ajabu. Mimi damu imenichemka.

Nimekwenda kwa baba mdogo kwa miguu, na matope yote yale. Amenipokea vizuri, akanipa chai, akasema kwa Kiswahili cha mpakani: "Madame, masomo ni kitu muzuri. Lakini hawa batu bamekuja na heshima. Mi nitabajibu nini?" Nikamwalika tu Ijumaa aje amwone Donata akicheza. Nimerudi nimechukia kila kitu, hata chai yake.

Alhamisi, 13 Mei

Mazoezi ya mwisho. Donata hakukosea hata neno. Kesho kutwa ni Jumamosi. Naogopa.

Ijumaa, 14 Mei

Niandike kabla sijasahau.

Ukumbi ulijaa, watoto hadi madirishani. Mkaguzi mbele, na tai yake, na uso wa kukagua. Baba mdogo nyuma kabisa, mlangoni, kofia mkononi. Pazia likafunguliwa, watoto wakapiga yowe kumwona Donata na ndevu za pamba. Kisha kimya. Watoto wetu, kimya! Sijawahi kusikia kitu kama hicho.

Innocent akaingia, akapiga goti, akaanza kuomba. Minong'ono. Mtoto mmoja akasema kwa sauti: "Masikini, haina batu yake!"

Mkaguzi akainuka. Nilidhani anaondoka. Kumbe alishindwa kuvumilia mposaji asiye na mshenga. Akafunga vifungo vya koti, akapanda jukwaani, akasimama kando ya Innocent na kuanza kumposea, kwa maneno matamu ya wasemaji wa harusi: ukoo, ng'ombe, baraka. Mkaguzi mzima! Mkuu wa shule akashika kichwa.

Mchezo haukuwa na jibu la kumpa mtu huyo. Donata akanitazama nilipo, pembeni mwa pazia. Akageuka. Akaweka mkono kiunoni, akamwacha mkaguzi amalize, akangoja, akangoja tena, mpaka ukumbi ukatulia tuli.

"Muzee, tumekusikia. Umesema muzuri. Lakini binti yetu iko anasoma. Akimaliza, murudi."

Vifijo. Mkaguzi akainamisha kichwa kama mtu aliyeshindwa kihalali, akarudi kitini. Mimi nililia mbele za watu na sioni haya. Ni mwanafunzi wangu yule. Mchezo ukaendelea hadi mwisho, na hakuna aliyelala.

Nilipomtafuta baba mdogo, alikuwa ameshaondoka.

Jumamosi, 15 Mei

Wageni wako Cyanzarwe leo. Nimefua nguo zote. Nikafua na zilizo safi.

Jumatatu, 17 Mei

Donata yuko kwenye dawati lake.

Amenisimulia wakati wa mapumziko. Wageni walikuja, wakanywa fanta, wakasema yao. Baba mdogo akasimama, akaweka mkono kiunoni, akawaambia binti yetu iko anasoma, akimaliza murudi. Wakaaga kwa heshima.

Nikamuuliza alijisikiaje kusikia hivyo. Akafikiri kidogo. Akasema baba mdogo aliharakisha mno, hakungoja watu wanyamaze kwanza.