Noti ya Baba Iko Chini

Kalamba, Jumamosi

Hatimaye mshale umesimama kwenye kijani. Miezi miwili nimekuwa nikivuta pumzi kwenye tundu la tatu la harmonika, nikijaribu kuikunja noti ishuke mpaka pale inapotakiwa, na app ya simu inayopima noti ikinionyesha nyekundu kila siku. Leo kijani, mara nne mfululizo!

Nikakimbia jikoni kumpigia Mama ule wimbo wa Baba, nitakaoupiga kanisani kwenye maombi ya kumkumbuka. Alikuwa anachagua ndengu kwenye ungo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umepiga vizuri, mwanakwa. Lakini huyo si baba yako."

Nilikasirika. Nikamwambia simu haidanganyi. Akaendelea na ndengu zake.

Basi nikaenda chumbani na simu ya Mama, ile yenye rekodi ya Baba akipiga wiki moja kabla hajalazwa. Nikaifungulia karibu na yangu, app isikilize. Nyekundu. Kila alipofika pale pa kukunja, mshale ulianguka chini ya kijani, kila mara mahali pale pale.

Miezi miwili nimekuwa nikimsahihisha Baba, nikidhani ninamfuata. Harmonika yake tulimzika nayo. Kilichobaki ni hiyo rekodi tu, na mimi.

Nimeizima app. Nimejaribu kushuka hadi pale alipokuwa, lakini mdomo umeshazoea kijani, unagoma hapo hapo. Nikianza, Mama anaacha kuchagua, asikilize. Kisha nazisikia ndengu tena kwenye ungo.