Nishani ya Clifford na Mguu Wangu

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Simu kutoka jeshini! Clifford wetu, mtoto wa dada yangu Zilpah, yule aliuawa Somalia mwezi wa tatu, amepewa nishani ya ushujaa. Ile ya juu kabisa. Wakubwa wataileta nyumbani kwa Zilpah, Rangwe, Jumapili — Jumamosi dada alikataa, ni Sabato. Nimetangazia Awendo nzima, hotelini hadi kwa kinyozi. Likizo zote alikuwa kwa nani? Kwangu, Cephas! Ujasiri alifundishwa na nani? Kinyozi akasema leo ninyolewe bure.

Nimefika nyumbani, chakula imenikataa.

Jumatano, 6 Novemba
Rangwe. Sajenti Magige amekuja kupanga sherehe. Alikuwa na Clifford siku ile. Anasema gari lao lilikanyaga bomu, risasi kila upande. Clifford akatoa majeruhi wa kwanza. Akarudi, akatoa wa pili. Wakampigia kelele, wee, lala chini! Akawaambia mjomba wake alirudi mara tatu, na yeye atarudi. Mara ya tatu hakutoka.

Magige akanipigia saluti. Mbele ya Zilpah! "Mzee, kikosi chote tunajua habari yako."

Nikajibu saluti. Mkono ulipanda wenyewe.

Alhamisi, 7 Novemba
Sijalala. Wacha niandike, hapa hakuna mtu. Sijawahi kuwa askari. Nilikuwa napeleka kabichi jikoni kwa kambi ya jeshi, miezi minane tu. Mguu huu haukupigwa risasi — nilianguka kutoka kwa trela ya miwa, tena nimelewa. Wale watu niliowabeba mgongoni niliwatunga jioni moja stima imepotea, watoto wanataka hadithi. Walikuwa wawili. Clifford akauliza, "Halafu?"

Nikaongeza wa tatu.

Mungu wangu. Huyo wa tatu.

Jumapili, 10 Novemba
Hema, viti, kwaya ya kanisa. Nilipanga kumwambia Zilpah ukweli asubuhi, yeye akawahi kunishika mkono. "Cephas, kama si wewe, ningesema mtoto wangu alikufa bure." Nikaenda kupanga viti. Anataka niongee baada ya yeye kupokea nishani.

Halafu Beverly, dada mdogo wa Clifford. Miaka ishirini. Amenionyesha viatu vipya vya kukimbia — kuandikisha makurutu ni Jumanne, Homa Bay. "Nera," akaniita, yaani mjomba, "hata mimi siogopi. Niko na damu yenu."

Nishani imepokewa, nimesikia makofi. Mimi niko huku nyuma ya jiko. MC ameniita mara mbili. Beverly amenipata. "Nera, watu wanangoja! Sema ile ya mtu wa tatu." Nimemwambia Beve, keti kwanza, kuna kitu. Ameketi juu ya jerikeni. Ananiangalia. Anauliza ninaandika nini. MC anaita tena — na mimi, mdomo wa Awendo nzima, nimeinama tu hapa, naandika, na Beve bado anangoja nimwambie kwamba huyo mtu wa tatu hakuwahi kuwako.