Jeni Mpya Mahali Patupu

Jumanne, Frere Town

Amekubali! Profesa wangu, aliyekuwa akiniambia tangu Ramadhani kwamba napoteza wakati, leo amekubali.

Nilimwekea kipande cha DNA ya binadamu, chini yake cha sokwe, chini zaidi cha nyani. Herufi zinafanana karibu zote. Lakini kwa sokwe na nyani katikati pana alama ya kukomea, inayozuia protini isitengenezwe, kwa hivyo hakitoki kitu. Kwetu herufi moja imebadilika, alama imefutika, na protini inatengenezwa. Palipokuwa patupu pamezaliwa jeni. Aliinamia zile herufi, kisha akauliza, "Na hiyo protini inafanya kazi gani?"

"Sijui bado."

"Basi hilo ndilo uliandikie tasnifu."

Kusema kweli linanitisha. Huenda haifanyi kazi yoyote, na miaka yangu miwili...

Nyumbani kaka yangu Athumani akaanza tena, maana alisikia kwamba DNA ya aina hii, isiyotoa protini, zamani iliitwa takataka. "Kama ni kusomea takataka, si ungekwenda jaani Mwakirunge tu? Ni karibu."

Nilitaka kumjibu vibaya, mama akaniwahi. "Mwache dadako! Haya mwanangu, hiyo jeni sokwe hana, wallahi?"

"Hana, mama."

Akachukua simu, akampigia mama mkubwa. "Dada, shikamoo. Mwanangu kaona jeni ambayo sokwe hana. Naam, sote tunayo. Hata Athumani anayo, ila bado hatujajua inamsaidia nini."