Farasi Wako Amekata Kona

Mwanangu Jöns,

Hatujambo huku, theluji imefika dirishani. Tangu uende msituni kukata magogo, sleji, gari letu la kuteleza thelujini, naiendesha mimi mama yako. Juzi nilipeleka shayiri dukani, nikawapita wanaume wote pale juu ya barafu ya ziwa. Wakasema, "Kumbe Jöns karithi kwa mama!" Nikawajibu, "Mlidhani kwa nani?"

Wakati wa kurudi, penye njia panda, farasi wako Blenda akakataa kuja nyumbani. Nilivuta hatamu, nikamtukana, wapi! Akakata kona, akasimama mlangoni kwa Gölin, yule mjane. Mwanamke akatoka mbio, mkate mkononi. "Mpenzi, umerudi!" Kuniona mimi, uso ukamwiva kwa haya. "Karibu ndani, mama."

Farasi niliyemlea kwa chupa, leo anaujua mlango wa mwenzangu kuliko wangu! Nawe siku zote ukiniambia barafu ndiyo inayokuchelewesha.

Kahawa yake nyepesi. Mkate wake, sitaki kusema uongo, unaushinda wangu, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Basi Pasaka mlete. Lakini kiti cha karibu na jiko ni changu.

Mama yako, na huna mwingine,
Mårta