Seva ya Shule Yapewa Sura

Siku ya kwanza, 23 Juni
Mbele ya mashahidi wawili, yaani Mama Odette wa sekretaria na feni iliyoharibika, Bwana Prefe, mkuu wa shule, ametangaza rasmi: seva ya shule itapewa sura. Eti siku ya posho, yaani Jumamosi, baada ya proklamasio ya matokeo, wazazi wa komite watapita bironi, ofisini kwake. "Kioo nyeusi na maandishi meupe, sawa mashini ya kufwa. Minye nataka picha na souris ya kubofya." Nikasema seva hii inatunza pointi za watoto wote, inafuata amri ninazoandika, haina haja ya uso. "Papa Donat, weye unapenda kukamata siri peke yako." Nimekula bukari kwa hasira. Bukari haikunikosea kitu.

Siku ya pili, 24 Juni
Nimeweka sura. Megabaiti za simu yangu zimeishia humo. Mashini kongwe, inahema kama lori la madini kwenye mlima. Prefe amebandika picha yake ya arusi. Bibi amekatwa pichani. Akabofya, akafungua, akafunga. "Sasa ni ordinateur, kompyuta ya kweli."

Siku ya tatu, 25 Juni
Walimu wanashindwa kuingiza pointi. Kila mara seva inapotea. Asubuhi nzima nimekaza waya chini ya meza, matako juu. Mama Odette anatafuna karanga, ananitazama. "Papa Donat, seva yako iko nalala. Ukigusa souris, inaamuka."
Nilidhani ananicheka. Kumbe kweli. Hiyo sura mpya isipoguswa inajilaza. Nani anagusa seva?
Prefe akasema nimeiharibu kusudi. Pointi zisipokamilika hakuna proklamasio, na minye narudi mtaani Panda kutengeneza radio. Mbele ya walimu wote. Sitasahau.

Siku ya ine, 26 Juni
Nimeikataza kulala. Sasa iko macho lakini inajikokota, sura imekula nguvu zote, buletini za matokeo hazichapwi. Nimeomba ruhusa ya kuiondoa. Prefe amekataa.
Sawa.
Alipokwenda kula, nikaiondoa. Seva imerudi kwenye amri zake, naiendesha kwa laptop yangu. Kioo na souris nimeviunga kwenye kompyuta iliyostaafu, nimeificha nyuma ya kabati, picha ya arusi ikiwaka kiooni kama mwanzo. Mama Odette aliona yote. "Minye sikuona kitu," akasema, akaendelea na karanga.

Siku ya tano, 27 Juni
Pointi zimeingia. Buletini zimechapwa. Prefe amebofya weee, mwisho akanigeukia: "Unaona? Ulitaka kusukumwa tu." Ningemtupia souris.

Siku ya posho, 28 Juni
Proklamasio imefanyika uwanjani. Majina yamesomwa, wamama wamemwaga poda kwenye vichwa vya waliofaulu, majani yote meupe. Prefe alisimama mlangoni mwa biro, na koti lile lile la arusi, kioo kikiwaka nyuma yake.
Wazazi, hata wale wa komite, wamechukua watoto wao, wamerudi nyumbani. Bironi hakuingia mtu.